Chumvi Iko Kwenye Kopo la Majani

Sajenti alikuwa mfupi. Akivaa kofia ya kazi ndipo aliwafikia wenzake mabegani. Ila sauti alipewa ya watu watatu. Akiita mtu kwenye bloku ya wanawake, waliokuwa wakipasua kuni upande wa wanaume waliitika. Askari wenzake walimpa jina la Mama Kipaza. Wafungwa walimwita Mama, basi.

Alianza kazi ya magereza akiwa msichana, akazeekea kwenye bloku hiyo hiyo. Kirungu alikuwa nacho. Kilining'inia kiunoni kama mwiko uliokosa sufuria. Alikitumia kugongea bomba la maji likigoma. Wanawake wakishikana mashati, yeye alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akasema, "Haya, mmemaliza au nianze mimi?" Wakamaliza.

Mumewe alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, kinatazamana na lango la gereza. Asubuhi waliondoka pamoja. Jioni walirudi pamoja, mke mbele akiongea, fundi nyuma akiitika "Ehe." Watoto walishakua, kila mmoja na kwake. Ukiacha zamu za usiku, tangu waoane hawakuwahi kulala mbalimbali.

Jikoni fundi alikuwa mgeni. Alikaa mezani, sahani ikaja, akala. Huko nyuma ya pazia kulikuwa na nini, hakujua. Kulikuwa na makopo mawili juu ya rafu. Jekundu limeandikwa majani ya chai, la bluu limeandikwa chumvi. Siku yalipoletwa, Sajenti alikuwa anakimbilia zamu, akamimina kinyume. Akasema atarekebisha siku ya mapumziko. Siku hiyo haikufika. Chumvi ikakaa kwenye kopo la majani, majani yakakaa kwenye kopo la chumvi, na yeye akazoea. Fundi hakujua kusoma, kwa hiyo hata angeingia, maandishi yasingemdanganya.

Basi siku moja kwenye gwaride la asubuhi, mkuu wa gereza akatangaza jambo jipya. Kila askari wa bloku atabeba kikopo cha dawa ya pilipili, ile ya kupuliza. Virungu vitapunguzwa. Lakini hakuna atakayebeba kikopo kabla hajapuliziwa yeye mwenyewe usoni, akatoa taarifa redioni akiwa na akili zake. Atakayeshindwa mara mbili atahamishiwa gereza la shamba, kule nyuma ya milima, nyumbani mara moja kwa mwezi.

Koplo wa lango, mtu asiyeweza kukaa na swali tumboni, akanyoosha mkono.

"Afande, sisi tumekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Unatakiwa ujue unachompa mwenzako."

"Mimi namwamini tu, afande. Nikiambiwa inawasha, naamini."

Gwaride likacheka. Sajenti hakucheka. Alikuwa anafikiria milima. Hasa alikuwa anafikiria mwanamume mmoja mezani, anasubiri sahani isiyokuja.

Jioni alimweleza mumewe. Fundi akaenda kununua vitunguu.

"Vya nini?"

"Mazoezi."

Wakaketi uani, beseni katikati. Fundi alikata vitunguu chini ya pua ya mkewe. Alikata kwa kisu cha ngozi, kwa hiyo vilikatika vizuri. Baada ya muda machozi yalimtiririka hadi kidevuni. Sajenti alikuwa mkavu kama ukuta.

"Baba, anayefanya mazoezi ni nani?"

"Endelea kutazama," fundi akasema, akipenga kamasi. "Unaendelea vizuri."

Mkufunzi aliyeletwa alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto. Sajenti alimpenda kwa sababu alisema mambo kama yalivyo. Aliwapeleka uwanja wa nyuma, akachota vumbi kidogo, akaliachia hewani.

"Kwanza upepo," akasema. "Ukipuliza kinyume na upepo, umejikamata mwenyewe."

Akawaonyesha namna ya kusimama, mbali kidogo, si kumchomeka mtu kikopo machoni. Mpulizo mmoja mfupi, kisha acha, tazama, ongea. Aliyekwisha fungwa pingu hapuliziwi. Aliyetulia hapuliziwi. Mtu wa pumu, mjamzito, chumba kidogo kisicho na dirisha, fikiria mara mbili kisha usifanye.

"Na akikutukana?" koplo akauliza.

"Matusi hayana dawa. Hiki si cha kulipiza. Ukishampulizia mtu, kuanzia hapo ni mgonjwa wako. Mtoe kwenye hewa, mpe maji baridi mengi, mwite muuguzi, usimwache peke yake. Na mwambie asisugue. Akisugua, anaipandikiza."

Sajenti akarudia midomoni: asisugue, asisugue.

Zamu yake ikafika. Kazi ilikuwa nyepesi kuisema. Apuliziwe, amfunge pingu mwenzake aliyejifanya mfungwa, kisha achukue redio na kutoa taarifa. Mkufunzi akatazama upepo, akapuliza. Psss. Kidogo tu, kama mtu anayemfukuza nzi.

"Mbona hai..." Sajenti akaanza.

Hakumaliza. Ilikuwa kama amefungua tanuri la mikate na kuingiza kichwa kuangalia kama imeiva. Macho yakajifunga yenyewe. Pua ikafunguka kama bomba. Kikohozi kikaja. Akampapasa mwenzake, akapata mkono mmoja, akapata wa pili, akafunga pingu. Hapo alikuwa bado askari. Kisha akasugua macho, kwa glovu ile ile iliyorukiwa na dawa. Hapo uaskari ukaisha.

Akashika redio, akabonyeza, na kwa sauti ya watu watatu akasema:

"Nakufa! Mwambieni mume wangu chumvi iko kwenye kopo la majani! La jekundu! Majani yako kwenye la chumvi! Sukari asiitafute, imekwisha! Nakufa mimi!"

Redio za gereza zote ziko kwenye njia moja. Ilisikika kwenye mnara. Ilisikika jikoni. Ilisikika juu ya meza ya mkuu, mbele ya wageni wake. Langoni redio ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, na fundi, ng'ambo ya barabara, aliinua kichwa kutoka kwenye buti. Ndivyo alivyojua chumvi ilipo.

Sajenti alipoweza kufungua jicho moja, mkufunzi alikuwa amechuchumaa mbele yake na ndoo.

"Mama, pingu umefunga vizuri. Lakini umesugua. Na redio ni ya kazi."

"Nilidhani nakufa, afande."

"Ukifa, tutamjulisha sisi."

Akapewa nafasi ya pili, Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ya mwisho.

Njia nzima ya kurudi nyumbani siku hiyo, fundi ndiye aliyeongea. Alisema neno moja. "Jekundu," akasema, na mabega yakamtetemeka. Sajenti akamtishia kwa kirungu.

Mkufunzi alikuwa ameonya kuhusu nywele pia. Uoge umeinama, maji yaanguke mbele, yasiteremke mwilini. Sajenti alikumbuka hilo baada ya kusimama wima na kujimwagia kopo zima kichwani. Fundi alisikia ukelele, akafika mlangoni na nyundo.

"Mama! Nyoka?"

"Hapana!"

"Nani basi?"

"Ni ile ile! Imeshuka!"

"Imeshuka wapi?"

"Ondoka mlangoni, baba!"

Kombati yake, ile sare aliyopuliziwa nayo, aliiweka kwenye mfuko, akaufunga fundo, akautundika uani. Akamwambia fundi neno kwa neno: mfuko huo usiguswe, nguo hiyo ifuliwe peke yake, kwa maji baridi, mtu akiwa na glovu. Fundi akasema "Ehe."

Siku zilizofuata Sajenti alianza kumwonyesha mumewe mambo. Jiko linawashwa hivi. Mchele unachambuliwa hivi. Fundi alisimama kando na mikono nyuma, kama mtu aliyepelekwa kutazama maiti. Mara nyingine Sajenti aliacha katikati, akafunika sufuria, akatoka nje.

Fundi aliona. Hakuwa mtu wa maneno. Alitaka kumwonyesha kwamba akienda huko shamba, huku nyumba haitaanguka. Kwa hiyo Alhamisi, mkewe akiwa zamu, alifunga kibanda mapema, akarudi, akautazama ule mfuko.

Glovu hakuwa nazo. Hakuona haja. Mikono yake ilikuwa imekula nyundo na sindano maisha yote, ilikuwa migumu kuliko soli alizokuwa anashona. Maji baridi nayo hayatakatishi, alijua hata yeye. Akachemsha maji, na akajivunia kuyachemsha. Akaloweka kombati. Kwa kuwa beseni lilikuwa na nafasi, na sabuni ilikwisha yeyuka, akaongeza bukta zake mbili. Akafikicha. Akapiga chafya sana, akadhani ni mafua. Mikononi hakusikia kitu.

Sajenti aliporudi alikuta kombati imekauka, imekunjwa kitandani, mikono ya shati ndani, kama inavyokunjwa dukani. Alisimama akaitazama.

"Umefua wewe?"

"Ehe."

"Umefua na nini?"

"Na sabuni."

Alitaka kuuliza zaidi. Akainyoosha kola badala yake. Akaiweka kabatini. Ijumaa alivaa ile nyingine.

Fundi naye Ijumaa alivaa bukta safi.

Asubuhi hakukuwa na neno. Kulikuwa na ubaridi, na fundi alikuwa amekaa tu. Jua lilipopanda, akaanza kushona soli ya buti la koplo, na kushona soli ni kazi ya jasho. Kwanza alihisi joto. Akasogeza kigoda kivulini. Joto likamfuata. Akasimama, akaketi. Akabana miguu, akaiachanisha. Mteja mmoja aliyekuja na viatu vya shule vya mwanawe alimtazama akasema, "Fundi, choo kiko nyuma ya duka." Fundi hakujibu. Akajikuna. Lo! Hilo ndilo lilikuwa kosa. Aliondoka kibandani kwa mwendo ambao mtaa ule haujawahi kumwona nao, akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, mpaka langoni.

Wakati huo huo, uwanja wa nyuma, Sajenti alikuwa amepuliziwa mara ya pili.

Safari hii alijua kinachokuja, na kujua hakukupunguza kitu. Tanuri lilikuwa lile lile. Lakini mikono aliipa kazi. Mkono wa kushoto, pingu. Mkono wa kulia, pingu. Machozi na makamasi akayaacha yateremke yatakako. Hakusugua. Kila kidole kilimwomba, akakikatalia. Akashika redio. Akapumua kama mkufunzi alivyosema, polepole, kwa mdomo.

Kabla hajabonyeza, redio ikasema yenyewe.

"Lango hapa. Mama Kipaza, kama unasikia, mumeo yuko hapa. Anaruka. Hatujui anataka nini. Ova."

Na nyuma ya sauti ya koplo, sauti nyingine, anayoifahamu kuliko yake: "Nilifua! Mwambieni nilifua pamoja! Inaniunguza!"

Mkufunzi alikuwa amesimama hatua chache, ametulia, anatazama. Sajenti hakumwona, alikuwa kipofu wakati huo, lakini alijua yupo. Akitupa redio akakimbilia lango, ni shamba. Na akikimbia, angekimbilia ukutani.

Akabonyeza.

"Lango, Sajenti hapa." Sauti ilikuwa nzito kwa makamasi, lakini moja, si tatu. "Sikiliza, koplo, na usicheke. Mwanamume mmoja, mtu mzima. Amepatwa na dawa kupitia nguo iliyofuliwa pamoja na kombati. Ni kiunoni kushuka chini. Anapumua? Ova."

"Anapiga kelele, ova."

"Anayepiga kelele anapumua. Muulizeni kama ana pumu. Hana, mimi najua, lakini muulizeni. Avue nguo hiyo, iwekwe kwenye mfuko, ufungwe. Maji baridi, mengi, yasiwe moto. Msimpake mafuta. Asisugue. Narudia, asisugue. Mwiteni muuguzi. Asiachwe peke yake. Ova."

Redio ikakwaruza kidogo.

"Avulie hapa langoni? Ova."

"Nyuma ya lango, koplo! Kwenye bomba! Ova!"

Hapo tu ndipo ile sauti ya watu watatu ilitoka. Kisha akaishusha tena.

"Huku uwanjani mfungwa yuko salama, amefungwa pingu, hana jeraha. Mimi sijasugua. Mwisho."

Mkufunzi alimwongoza kwa kiwiko hadi kwenye maji. Alikuwa anatetemeka, yeye mkufunzi. Alikuwa amebana kicheko kwa nguvu zake zote, na machozi yanamtoka bila dawa.

"Mama," akasema alipoweza, "umefaulu."

"Upepo unatoka wapi?" Sajenti akauliza.

"Mashariki. Kwa nini?"

"Nielekeze uso huko."

Walikutana kwenye bomba la nyuma ya lango. Fundi alikuwa amekalishwa kwenye beseni la maji, koti la koplo limemfunika magotini. Muuguzi alishamwona, akasema itapoa, akaenda kando kucheka kwa heshima. Sajenti aliinamia bomba lenyewe, maji yakimpiga usoni. Walikaa hivyo muda, kila mmoja na moto wake.

"Maji ya moto?" Sajenti akauliza bila kuinua kichwa.

"Vuguvugu."

"Nilikwambia peke yake."

"Kulikuwa na nafasi."

"Baba, kwa nini lakini?"

Fundi alitazama maji ya beseni.

"Nilitaka uone naweza. Ukienda huko. Usikae na wasiwasi."

Mama Kipaza alikosa neno. Koplo aliyekuwa karibu aliapa baadaye kwamba ndiyo mara pekee.

"Siendi," akasema mwisho.

"Ehe?"

"Siendi popote. Usisugue."

Habari ile ilitembea gereza zima, ikatoka nje, ikarudi ikiwa imenona. Kwa muda mrefu askari walioleta buti kwa fundi waliuliza kwanza kama hali ya hewa huko chini ni nzuri. Fundi aliwashonea bila kujibu, na wengine aliwaachia msumari mdogo ndani ya soli.

Sajenti alibeba kikopo mpaka alipostaafu. Kila asubuhi alikikagua tarehe, akakitikisa, akaangalia kizuizi cha kitufe. Alikitumia mara moja. Wanawake wawili walishikana uani mwa bloku, mmoja ana kipande cha bati, na sauti haikufua dafu. Alichota vumbi, akaliachia. Akawaonya. Akasubiri wengine watoke njiani. Mpulizo mmoja mfupi, bati likaanguka, akaacha. Kisha akawashika mikono wote wawili, akawapeleka kwenye bomba yeye mwenyewe, akawamwagia maji nusu ya asubuhi. "Najua," alikuwa anawaambia. "Najua, mwanangu. Usisugue. Najua." Aliyekuwa na bati alilia mpaka akalala kwenye bega lake.

Nyumbani ile tabia ya upepo haikumtoka. Hakufagia uwanja wala kumwaga majivu kabla ya kuachia vumbi kidogo hewani. Fundi naye alianza kuingia nyuma ya pazia. Alijifunza kuwasha jiko. Alijifunza chai. Chumvi jekundu, majani bluu. Mkewe alisema tena kwamba atayarekebisha yale makopo sasa kwa kuwa amestaafu, ana nafasi. Hakuyarekebisha.

Walikaa pamoja, mke anaongea, fundi anaitika. Haikuwa miaka mingi.

Siku ya kumzika Sajenti, udongo ulirushwa na upepo ukaurudisha. Ukamwingia fundi machoni. Watu walimpa kitambaa. Hakukichukua. Aliuelekeza uso upepo unakotoka, akaacha machozi yateremke.

Nyumbani watu walikuwa wengi. Dada wa marehemu alikuwa ameshika jiko, mwanamke msafi, msomaji, asiyependa kitu kikae ovyo. Alisugua rafu. Aliona makopo, akasoma, akashika kichwa, akamimina kila kitu mahali pake.

Mchana fundi akasema atawapikia wageni chai yeye mwenyewe. Shemeji yake akajaribu kumzuia.

"Kaa, shemeji. Leo si siku ya wewe kupika."

"Naweza," fundi akasema.

Akawasha jiko. Akachemsha maji. Akafungua kopo la bluu, akatia vijiko kama mkewe alivyomfundisha, bila kutazama sana, macho bado yalikuwa mabaya. Akaona chai haishiki rangi. Akaongeza. Akaongeza tena. Akamimina vikombe, akavipeleka mwenyewe.

Wageni wakanywa. Mfiwa amepika, nani aseme? Koplo wa lango, mzee sasa, alipiga funda, akatoa macho, akameza. Mkuu wa gereza wa zamani alimeza. Jirani mmoja aliomba maji. Wakanywa maji ya moto ya chumvi wote, kimya, kwa adabu.

Fundi akaketi na chake. Akaonja.

Alikaa na kikombe mdomoni muda mrefu. Mabega yakaanza kumtetemeka. Watu wakadhani analia, shemeji yake akaja na kumshika. Lakini koplo, aliyemjua, aliweka kikombe chini.

"Lango hapa," koplo akasema taratibu. "Chumvi iko kopo gani? Ova."

Fundi alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na nyumba yote, iliyokuwa imebana pumzi, ikaachia.

Watu walipoondoka, aliingia nyuma ya pazia. Akashusha makopo yote mawili. Akamimina chumvi kwenye jekundu, majani kwenye la bluu. Akayarudisha rafuni, yakae kama mkewe alivyoyaacha.